Musa Aliambiwa Aseme, Akapiga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili nimechelewa kuwaletea tafakari. Kila nilipofungua Biblia nilijikuta nimerudi Hesabu 20, na Hesabu 20 ilikuwa inanisema mimi.

Jumamosi iliyopita, kwenye mazoezi ya kwaya, nilimkaripia kijana mmoja wa sauti ya tatu mbele ya wenzake. Alikuwa amechelewa, halafu akakosea kuingia kwenye kiitikio mara tatu mfululizo. Maneno niliyomwambia sitayarudia hapa. Hakujibu kitu. Alikunja karatasi yake ya wimbo, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Sisi tukaendelea kuimba, tena tukaimba vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakumbuka matembezi fulani. Mwaka juzi nilikwenda Marekani kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, na wenyeji wetu wakatupeleka jangwani, jimbo la Utah, kwenye hifadhi iitwayo Goblin Valley, yaani Bonde la Vibwengo. (Ndiyo, niliomba kwanza kabla ya kushuka. Walinicheka sana.) Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kupanda mlima, kumbe ni matembezi ya hata bibi yangu. Unaacha gari, unashuka kidogo, umefika. Hakuna njia iliyochorwa. Unazurura utakavyo katikati ya maelfu ya mawe mekundu yaliyosimama kama uyoga, kama wazee wamekaa kikao, kama mama aliyejitwika mzigo. Miti ya kivuli hakuna. Ukichoka na jua unajibanza nyuma ya jiwe.

Mawe yale yana siri yake. Juu pana tabaka la mchanga ulioshikamana ukawa mwamba mgumu. Chini yake tabaka ni laini. Maji ya mvua na upepo hula ile sehemu laini taratibu, na ile ngumu hubaki juu kama kofia inayoilinda shingo. Wanajiolojia wanasema mchanga wenyewe ulitandazwa kando ya bahari ya kale yapata miaka milioni 170 iliyopita. Hesabu hiyo sibishani nayo leo. Ninachojua ni kwamba niliweka kiganja kwenye shingo moja nyembamba nikaogopa kuegemea.

Wengine hawakuogopa. Oktoba 2013 watu wazima waliokuwa wamewaongoza vijana wa skauti walifika pale; mmoja akalisukuma jiwe moja kubwa mpaka likaanguka, mwingine akarekodi video, wakashangilia. Kazi ya sekunde chache. Mwaka uliofuata walikiri makosa mahakamani. Lakini sikilizeni utetezi wao: walisema jiwe lilikuwa limelegea, wakahofia litamwangukia mtoto. Yaani walikuwa wanalinda watoto!

Wapendwa, hapo ndipo niliposhikwa. Mke wangu aliponiuliza Jumamosi usiku, nilimjibu nini? "Nilikuwa nalinda huduma." Na si mimi peke yangu. Tuseme ukweli, sisi viongozi, walimu wa kwaya, wazee wa kanisa, hata sisi wazazi mezani. Tunamwangusha mtu, halafu tunatafuta mtoto wa kumsingizia kwamba tulikuwa tunamlinda. Tunalinda madhabahu, tunalinda nidhamu, tunalinda jina la Bwana. Kama kweli ulikuwa unalinda, mbona uliona raha kidogo? Mimi niliona raha. Namwomba Mungu anisamehe, lakini niliiona, kifuani, kama mtu aliyetua mzigo.

Musa naye alikuwa na sababu nzuri. Watu aliowaongoza jangwani walikuwa wamemchosha kwa kulalamikia maji, na dada yake Miriamu alikuwa amezikwa palepale Kadeshi. Mungu akamwambia auambie mwamba utoe maji. Yeye akawageukia watu: "Sikilizeni sasa, enyi waasi." Akaupiga mara mbili. Na maji yakatoka, tena mengi! Watu wakanywa, na mifugo yao. Ungekuwepo siku ile ungesema ibada imefana. Mungu hakuwanyima watu maji kwa ajili ya hasira ya mtumishi wake, lakini mtumishi hakuingia katika ile nchi ya ahadi. Kwa hiyo usiniambie kwamba kwaya inaimba vizuri. Nimekwisha kujiambia hivyo wiki nzima, na Zaburi 106 inanijibu kwa upole usio na huruma: "akasema yasiyofaa kwa midomo yake."

Yule kijana ana shingo nyembamba. Nilikuwa najua. Alirudi kanisani mwaka jana baada ya miaka mingi, na aliyemrudisha si mimi. Ni mama mmoja wa sauti ya pili aliyemtembelea kila juma bila kumtangazia mtu. Bwana wetu ndiye ambaye mwanzi uliopondeka hauvunji. Mimi niliuona umepondeka, nikakanyaga.

Nilimpigia Jumapili, Jumatatu na Jumatano. Hakupokea. Jana usiku nikamwandikia kwamba nimekosa, bila kuongeza "lakini". Akajibu neno moja: "Nimeona."

Kesho kabla ya mazoezi nitapita kwao. Mniombee nisiende na hotuba. Karatasi yake ya wimbo ninayo, imekunjwa mara nne. Nitaibeba.