Ed Sheeran, pedali moja na shoo 312

Uwanja wa Wembley, London, Julai 2015, usiku tatu mfululizo. Uwanja umejaa watu wapatao 80,000 kila usiku, na jukwaani, ukiacha mgeni mmoja mmoja aliyealikwa, yuko Ed Sheeran, mwimbaji kijana wa Uingereza, na gitaa lake basi. Hakuna mpiga ngoma wala mpiga besi. Mdundo wenyewe anaugonga kwenye ubao wa gitaa, anaunasa kwa pedali iliyo miguuni, anauacha uzunguke, kisha anaendelea kujenga juu yake.

Ukisoma habari zake nyingi utakuta neno bahati limerudiwarudiwa. Mimi naona ngazi aliyopanda Ed Sheeran inahesabika kabisa, na vipande vyake viwili vikubwa ni idadi ya shoo ndogo alizopiga na chombo alichochagua kupigia. Chombo hicho ndicho kilichoamua hata nyimbo zake ziweje.

Alizaliwa Februari 1991 Halifax, kaskazini mwa Uingereza, akakulia Framlingham, mji mdogo wa mkoa wa Suffolk. Utotoni alikuwa na kigugumizi. Mwenyewe ameeleza hadharani kwamba kilichomsaidia ni kukariri rapu za Eminem mstari kwa mstari mpaka ulimi ukazoea mwendo. Weka hilo kichwani, maana litarudi. Akiwa na miaka 11 alimwona mwimbaji Damien Rice akipiga kwenye ukumbi mdogo Dublin, na tangu hapo akawa mtunzi. Mwaka 2008 akahamia London.

Mwaka 2009 alipiga shoo 312. Alikuwa amesoma kwamba mwimbaji James Morrison alipiga shoo 200 ndani ya mwaka mmoja, akaamua kumpita. Gawanya 312 kwa wiki 52 upate shoo sita kila wiki, mwaka mzima. Nyingi zilikuwa baa na vikumbi ambako watu wamekuja kunywa na kupiga soga, na msanii hapewi muda mrefu. Ukipanda pale na gitaa moja na sauti ya kubembeleza, meza ya nyuma haitajua kama umeanza.

Hapo ndipo pedali ilipofanya kazi yake. Mtu akikuona unagonga ubao wa gitaa, halafu mkono umeuondoa na mdundo bado unasikika, anageuka kutazama. Akishageuka una kama nusu dakika ya kumshika. Na kuna upande wa hesabu: bendi ya watu wanne inahitaji gari, na malipo ya mlangoni yanagawanywa mara nne. Mtu mmoja anapanda treni na begi, gitaa mgongoni, na CD zake za kuuza humo humo begini.

Gitaa lenyewe lilichaguliwa kwa akili hiyo hiyo. Martin LX1E ni dogo, urefu wa nyuzi zinazolia ni kama sentimita 58, wakati gitaa la kawaida la kampuni hiyo hufika kama 64. Linaingia popote na halichoshi bega. Ila ujue gharama yake. Kwa sababu nyuzi ni fupi, mvutano wake ni mdogo. Ukishusha tyuni, zinalegea na kuanza kuvuma kwenye freti, vile vyuma vya shingoni mwa gitaa. Anayetaka kulipiga kwa nguvu afunge nyuzi nene kidogo, na aangalie tyuni kila baada ya wimbo, maana ukishairekodi kodi (nyuzi kadhaa zinazolia pamoja) iliyopotoka kwenye lupu, yaani kipande kinachozungushwa na pedali, itakufuata mpaka mwisho.

Tuingie kwenye pedali yenyewe. Ukikanyaga mara ya kwanza inaanza kurekodi. Ukikanyaga mara ya pili inafunga kipande na papo hapo inaanza kukicheza tangu mwanzo, tena na tena. Ukikanyaga mara ya tatu unaongeza sauti nyingine juu ya ile ya kwanza. Boss RC-30 aliyokuja kuitumia ina njia mbili zinazojitegemea, pamoja na tundu la maiki, kwa hiyo gitaa na sauti vinaingia kwenye kisanduku kimoja.

Kosa la karibu kila anayejifunza liko kwenye kukanyaga kwa mara ya pili. Anasubiri kodi ya mwisho iishe, anasikia imeisha, ndipo anashusha mguu. Ameshachelewa. Inatakiwa ukanyage juu ya pigo la kwanza la duru inayofuata, mguu na mkono vishuke pamoja, huku unaendelea kupiga kana kwamba hakuna kinachofungwa. Ukichelewa sehemu ya kumi ya sekunde tu, lupu inachechemea kila inaporudi mwanzoni. Fanya hesabu: baa nne za muziki (vipimo vya mdundo, si baa za kunywea), kila moja ikiwa na mapigo manne, kwa kasi ya mapigo 96 kwa dakika, ni sekunde 10. Wimbo wa dakika nne utaurudia mchechemeo huo mara 24, na kuanzia wa tatu hivi kila aliye ukumbini ameshausikia.

Mpangilio wa tabaka za sauti nao una sababu zake. Mdundo hutangulia: kiganja kwenye ubao karibu na daraja la gitaa kinatoa pigo zito, vidole vikipiga nyuzi zilizozibwa vinatoa pigo kali. Kisha besi kwenye nyuzi mbili za juu, zile nene. Kisha kodi, tena zilizozibwa kidogo ili zisivimbe. Sauti za kuitikia huja mwisho, na sauti kuu haiingii kwenye lupu kamwe, hiyo inabaki hai. Anayeanza na kodi kubwa za nyuzi zote sita, zinazolia kwa nguvu yote, ameshajaza chumba. Kila atakachoongeza baadaye kitakuwa uji. Tabaka la kwanza lirekodiwe kwa sauti ndogo kuliko unavyotamani.

Maiki ndiyo yenye madhara ya kimya kimya. Unaporekodi sauti ya kuitikia, maiki inanasa pia kinachotoka kwenye monita, spika inayokuelekea wewe mpigaji, yaani lupu yako mwenyewe. Kinarekodiwa upya, kinatoka tena, na kwenye tabaka la nne tayari kuna mvumo unaokaribia kupiga mluzi. Dawa yake si kupunguza sauti ya ukumbi. Iweke monita nyuma kabisa ya maiki, upande ambao maiki aina ya kadioidi haisikii, sogeza mdomo karibu, na umwombe fundi akate sauti nzito za chini kwenye chaneli ya maiki.

Halafu kuna kasi. Moyo ukidunda haraka mkono nao unakimbia, na lupu ikishafungwa haina breki. Kwa mtu kama Sheeran, mwenye mashairi yaliyojaa maneno kama rapu, kosa hilo lingemkaba koo kwenye ubeti wa pili. Kabla ya kugonga pigo la kwanza, pitisha kimoyomoyo ule mstari wenye maneno mengi kuliko yote, si kiitikio. Kasi ambayo mstari huo unatamkika ndiyo kasi ya wimbo.

Na sasa jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Lupu haipendi kubadili kodi. Ukishafunga kodi nne zinazozunguka, ubeti utaimbwa juu yake na kiitikio juu yake hiyo hiyo. Kwa hiyo mtunzi anayetunga kwa pedali analazimika kutafuta tofauti kwingine: anaondoa mdundo halafu anaurudisha, anapanda sauti, anabana maneno kwenye ubeti na kuyapa nafasi kwenye kiitikio. Wasikilizaji wa singeli wanaijua vizuri nguvu ya kipande kifupi kinachozungushwa. Wimbo wake Shape of You, wa Januari 2017, inazunguka juu ya kodi nne tu mwanzo hadi mwisho, C♯m, F♯m, A na B, kwa kasi ile ile ya 96. Ndio uliokuwa wimbo wa kwanza kufikisha usikilizwaji bilioni 3 kwenye Spotify. Rapu ya utotoni ilimpa namna ya kujaza maneno, na pedali ilimpa kanuni ya kuyapanga.

Turudi kwenye ngazi. Februari 2010 chaneli ya YouTube ya SB.TV, iliyoanzishwa na Jamal Edwards na iliyojulikana kwa muziki wa mitaani wa London, iliweka video yake akipiga kwa lupu. Video ikasambaa, na msanii Example akamchukua kumfungulia ziara, yaani kupiga kabla yake. Mwaka huo huo akaenda Los Angeles bila mtandao wa watu wa kumshika mkono, akawa anapanda kwenye kila jukwaa lililo wazi, hadi mwigizaji na mwanamuziki Jamie Foxx akamsikia na kumruhusu atumie studio yake.

Januari 2011 alitoa EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya kolabo na wasanii wa grime, ile rapu ya mitaani ya London, akiwemo Wiley, JME na Devlin, bila lebo kubwa, yaani kampuni ya muziki, nyuma yake. Ilifika namba 2 kwenye iTunes na kuuza zaidi ya nakala 7,000 wiki ya kwanza. Miezi michache baadaye akatangaza shoo ya bure Barfly, ukumbi wa Camden, London, wakaja zaidi ya watu elfu moja, ukumbi haukuwatosha. Alipiga shoo nne siku hiyo ili wote wapate kitu, ikiwemo ya nje barabarani. Wimbo wake The A Team ulitoka Juni ukashika namba 3 Uingereza, na albamu yake ya kwanza mwezi Septemba ikauza kama nakala 102,000 wiki ya kwanza. Ukitazama mfuatano huo, lebo ilikuta watu wameshajaa.

Marekani hakuingia kama nyota. Mwaka 2012 alifungulia bendi ya Snow Patrol, 2013 akatumia sehemu kubwa ya mwaka kumfungulia Taylor Swift. Kufungulia wengine ni shule ngumu, kwa kuwa watu hawakuja kwa ajili yako na mara nyingi vifaa vyako vinawekwa mbele ya vya mwenye shoo. Mtu anayehitaji maiki moja, laini moja ya gitaa na nafasi ya kusimama hamsumbui yeyote. Kufikia vuli ya mwaka huo wa 2013 alikuwa anajaza ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kwa jina lake, usiku tatu.

Uwanjani kuna tatizo ambalo baa haina. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo aliye mita 100 kutoka jukwaani anaisikia baada ya takriban sehemu tatu za kumi za sekunde. Kwa kasi ya 96, hiyo ni karibu nusu ya pigo. Umati ukianza kupiga makofi, makofi yanamrudia mpigaji yakiwa yamechelewa mara mbili, kwenda na kurudi. Bendi ingeweza kuvutwa. Lupu haivutiki, ila mpigaji anavutika, na akiyafuata makofi tabaka linalofuata litaingia nje ya mstari. Ndiyo maana mpigaji wa lupu uwanjani hapaswi kufuata kinachorudi kwa hewa ya uwanja. Hata pedali ya dukani haikutosha tena, akajengewa mtambo wake, Chewie Monsta, unaoendesha programu ya kompyuta kwa miguu. Mwaka 2023 pedali zenye jina lake, Sheeran Loopers, zikaanza kuuzwa kwa umma.

Kodi nne zina bei yake mahakamani pia. Zinatumiwa na maelfu ya nyimbo, na wimbo ukishakuwa mkubwa kila mwenye unaofanana anausikiliza kwa sikio lingine. Watunzi wa No Scrubs, wimbo wa kundi la TLC, waliongezwa kwenye orodha ya watunzi wa Shape of You mwaka 2017. Aprili 2022 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba hakunakili wimbo mwingine kuutunga. Mei 2023, New York, katika kesi ya wimbo wake Thinking Out Loud, alipiga gitaa kwenye kiti cha shahidi kuonyesha kodi zile zilivyo za kawaida, akashinda. Tangu misukosuko hiyo ameeleza kwamba hurekodi kwa kamera vikao vyake vya kutunga.

Hili linaigwa na yeyote mwenye simu. Iegemeze kwenye glasi, bonyeza kurekodi kabla kodi ya kwanza haijapigwa, na uiache mpaka mwisho, pamoja na mistari mibovu. Mwenyewe hufananisha utunzi na bomba lililofungwa siku nyingi: maji ya kwanza hutoka machafu, nayo lazima yatoke. Mistari hiyo michafu ndiyo inayoonyesha wimbo ulitoka wapi. Kikao kikiisha, kabla watu hawajaaga, andikeni kwenye karatasi nani ametunga nini na asilimia yake, kila mtu asaini, tarehe iwekwe. Baada ya wimbo kuvuma, hakuna anayekumbuka alichangia mstari mmoja tu.

Kwa mwenye pedali tayari, zoezi la wiki ya kwanza halina kuimba. Piga mdundo wa baa nne, funga, weka pedali icheze dakika tano huku umekaa mikono mitupu, ukisikiliza kiungo kinaporudi mwanzoni. Ukiweza kukisikia, futa, urudie. Siku utakaposhindwa kusema duru inaanzia wapi, ongeza besi.