Msimu wa Kodi Baada ya Kustaafu

Mwaka wangu wa kwanza wa kujazia watu ritani za kodi, yaani fomu za kutangaza kipato cha mwaka, ritani iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimestaafu, napokea pensheni, nikaajiriwa kazi hii ya msimu. Pensheni ikakatwa kodi kana kwamba sina mshahara, na mshahara ukakatwa kana kwamba sina pensheni. Kodi ya mapato hupanda kwa ngazi. Vipato viwili vikijumlishwa, sehemu ya juu huangukia kiwango kikubwa zaidi, na sehemu hiyo haikuwa imekatwa ipasavyo. Nikadaiwa. Msimu uliofuata nilimwandikia mwajiri aongeze makato tangu malipo ya kwanza, deni likaisha. Mstaafu anayeitaka kazi hii aanze na hesabu hiyo. Aulize pia kama pensheni yake ina kikomo cha kipato, kwani nyingine hupunguzwa ukianza kulipwa mshahara.

Programu ya kompyuta sikuihangaikia sana, yenyewe hujumlisha na kutoa. Sheria ndizo zilizonikesha, maana hubadilika mara kwa mara na ulichokijua zamani kinaweza kukupoteza.

Hata hivyo, kazi yenyewe hasa ni kuuliza. Mtu huleta karatasi ya mshahara, akasema ndiyo yote. Nimejizoeza kutogusa kibodi kwanza. Umeoa mwaka huu, au mmeachana? Nani anaishi kwako? Kuna kibarua cha pembeni, chumba ulichopangisha, mali uliyouza? Mama mmoja alijibu hapana kwa kila swali, kisha akitafuta miwani mkobani ikachomoza bahasha ya benki yenye taarifa ya riba. Hakuwa anaficha, hakujua tu kwamba riba nayo ni kipato. Wazazi waliotengana nawauliza mara mbili, kwa sababu kila mmoja akimwandika mtoto yuleyule kuwa mtegemezi wake, ritani zote mbili huweza kuingia matatani.

Wiki za mwisho foleni huwa ndefu na macho huchoka, hivyo niliomba zamu za asubuhi tu, nikakubaliwa. Nambari ya akaunti namwomba mteja anisomee mwenyewe, tarakimu moja moja, huku nikiifuata kwa kidole kwenye skrini. Moja ikikosewa, fedha anazorejeshewa zinaweza kwenda kwa mtu mwingine.