Arubuni ya mawese na vitabu vya opsheni

Mdogo wangu anayesoma Dodoma amenipigia akiuliza aanze na kitabu gani cha opsheni za hisa. Alinikuta Kibirizi, hapa Kigoma, nafunga magunia ya dagaa, nikamwambia nitamwandikia usiku.

Mdogo wangu, opsheni umeiona tangu utotoni. Mama anauza mawese Ujiji. Mteja akihofia bei itapanda, anamwachia arubuni: niwekee madumu kumi kwa bei ya leo mpaka Ijumaa. Asipotokea, arubuni ni ya mama. Tofauti ni kwamba mteja wa mama akirudi, arubuni inakatwa kwenye bei. Kwenye opsheni haikatwi, imekwenda moja kwa moja.

Hapo ndipo ninapokipimia kitabu. Natafuta hesabu kama hii: hisa iko dola 49, unanunua haki ya kuichukua kwa dola 50, arubuni dola 2 kwa kila hisa. Mkataba mmoja wa Marekani kwa kawaida ni hisa 100, kwa hiyo umetoa dola 200. Siku ya mwisho hisa iko dola 51. Imepanda kama ulivyotaka, lakini haki yako ina thamani ya dola 1 tu kwa kila hisa, yaani dola 100, nawe ulitoa 200: umepoteza dola 100. Kitabu kisichokupitisha hapo polepole, kirudishe.

Kisha fungua sura ya muuzaji. Mama akipokea arubuni wakati hana hata dumu moja ndani, bei ikapanda maradufu, atayatoa wapi mawese? Vitabu vingi vinaita kuuza opsheni mshahara wa kila mwezi, na swali hilo hawaligusi. Linaniudhi sana, maana wanaoumia ni watu wenye akiba ndogo kama sisi.

Jihadhari pia na zile zinazoitwa opsheni za binari. Kuna mtu kwenye kundi la simu aliniuzia kitabu kwa shilingi 30,000, kumbe ni cha kubashiri bei itapanda au itashuka ndani ya dakika chache. Hiyo ni kamari, na Umoja wa Ulaya uliwazuia wauzaji wake kuwauzia watu wa kawaida mwaka 2018.

Anza na kijitabu cha bure, Characteristics and Risks of Standardized Options, ambacho madalali wa Marekani wanatakiwa kumpa mteja kabla hajaanza. Kikavu, lakini kinasema ukweli. Cha Lawrence McMillan, Options as a Strategic Investment, kina kurasa zaidi ya 1,000. Mimi nakitumia kama kamusi. Cha Sheldon Natenberg, Option Volatility and Pricing, ndicho nikipendacho. Ndicho kilichonielewesha kwa nini arubuni hupanda soko likitikisika hata kama hisa yenyewe haijasogea. Nilikisoma na daftari la mistari pembeni, ukurasa mmoja wakati mwingine siku tatu.

Ukipata cha mtumba, tazama bei zilivyoandikwa. Ukiona 3⅛, kwa kawaida ni cha kabla ya 2001, Marekani walipohamia desimali. Hesabu zake bado ni nzima, ila mikataba ya wiki, inayokwisha ndani ya wiki moja, hutaikuta, ilikuja 2005.

Keshokutwa mbalamwezi inaanza, mitumbwi ya dagaa itapumzika, nami nitakuwa na jioni tupu. Nipigie ukiwa na daftari, tuanze na ile hesabu ya dola 49.