Tulivyopata ruzuku ya kuhifadhi msitu wetu Sikonge bila dalali

Naandika kwa sababu watu bado wanaliwa hela zao. Mfuko wa Misitu Tanzania upo kisheria, umo kwenye Sheria ya Misitu ya 2002, na ruzuku yake si mkopo. Wakitangaza, vikundi vya vijijini kama chetu vinaomba. Lakini ukiuliza mjini namna ya kuomba, utaelekezwa kwa dalali.

Sisi tulielekezwa kwa kijana mmoja mwandishi wa maandiko ya miradi. "Mama, andiko ni lugha tu," akaniambia. "Nyie leteni laki mbili na majina ya wanakikundi." Tukachangishana. Andiko likaja na jalada la rangi, linang'aa. Mweka hazina wetu, mzee asiyeruka mstari, akalisoma kwa sauti mbele ya kikundi chote. Alipofika katikati akanyamaza, akarudia mstari: tunaahidi kupanda mikoko. Mikoko ni mti wa pwani, wa maji ya chumvi. Sikonge utaupanda wapi? Ukurasa unaofuata kulikuwa na maelfu ya miche ya mikaratusi. Nilipompigia simu yule kijana akasema wafadhili wanapenda miche. Hela yetu hajarudisha mpaka leo, na andiko lake hatukulipeleka popote.

Jambo hilo la miche ndilo linaloniudhi zaidi, maana kila mtu alituambia hivyohivyo. Msitu wa miombo kama wetu hauhitaji miche! Mti wa mtundu au mninga ukikatwa na mizizi ikabaki hai, kisiki kinachipua chenyewe. Kinachoumaliza ni moto wa mwisho wa kiangazi na shoka linalorudi kukata machipukizi kwa kuni za kukaushia tumbaku.

Basi tukaandika wenyewe. Tulichukua kamba ya katani, tukapima vipande vya hatua ishirini kwa ishirini ndani ya msitu, tukahesabu visiki kimoja kimoja. Kila kisiki chenye uhai tulikifunga kitambaa cha kanga kuukuu. Kina mama walichana kanga mpaka zikaisha, vijana wakapiga picha kwa simu. Kuna kisiki cha mninga kilichokatwa zamani kwa ajili ya bani, banda la kukaushia tumbaku. Chipukizi lake lilikuwa limenipita urefu, limenyooka, majani yamejaa. Picha hiyo tuliiweka mwanzo kabisa wa andiko. Afisa nyuki alipoiona alisema hiyo peke yake inaeleza mradi.

Bajeti tuliomba vitu vitatu: barabara za kuzuia moto, doria, na mizinga ya nyuki. Miche hatukuandika hata mmoja. Tuliambatanisha muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye sahihi za waliohudhuria. Usitegemee barua ya mwenyekiti peke yake.

Tukapata. Hela ziliingia kwa awamu kwenye akaunti ya kikundi, na hapo risiti ndiyo roho ya mradi. Fundi wetu wa mizinga hana mashine ya EFD, ile ya kutoa risiti za kodi, na kumwacha tusingeweza, hakuna anayeunga mbao kama yeye. Tulinunua mbao na misumari wenyewe kwa muuzaji mwenye mashine, fundi tukamlipa ufundi tu, akasaini daftari la malipo. Ukaguzi ukapita bila swali.

Mizinga ining'inizwe kwa waya, mbali na shina, nyegere, yule mnyama mla asali, asiifikie. Tena iwe tayari kabla miombo haijatoa maua, ukichelewa unasubiri msimu mwingine. Yetu mingi imeshaingia nyuki, na moto wa mwaka huu uliishia kwenye barabara tuliyolima. Naliona hilo kila nikipita na moyo unanijaa.

Vikundi vya jirani vimeniomba nakala ya andiko. Nimewapa wasome, ila nimewakataza kunakili. Kamba ipo kwangu, waje waichukue wakahesabu visiki vyao.