Nilivyoishi ndani ya RV Seattle bila gari langu kuvutwa

Kodi ya chumba ilipopanda nikashindwa kuilipa, nilinunua RV kuukuu, lile gari lenye kitanda, jiko na choo ndani. Nafanya usafi wa usiku uwanja wa ndege. Mshahara unaingia, lakini kodi za Seattle, huku Marekani, zinaukimbia. Naandika kwa sababu Wakenya na Watanzania wenzangu huku huniuliza kwa sauti ya chini, tukishatoka ibadani, gari kama hili linalala wapi bila kuleta balaa.

Anza na futi ya kupimia. Sheria ya jiji inakataza gari lenye upana unaozidi inchi 80 kuegeshwa barabarani kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa kwenye maeneo yaliyotengwa kwa viwanda. Nilipima langu ubavu hadi ubavu: inchi 96. Basi mitaa yote ya makazi, hata ile yenye nafasi tele, usiku haikuwa yangu. Zilizobaki ni sehemu kama SODO, Georgetown na upande wa viwanda wa Ballard. Ukipita huko ukaona RV zimepangana kando ya maghala, usidhani wenyewe wanapenda kulala na moshi wa malori. Sheria ndiyo imewasukuma pale. Ramani ya matumizi ya ardhi ya jiji iko mtandaoni, nami niliisoma mtaa kwa mtaa, kwa sababu mpaka wa eneo la viwanda unaweza kupita katikati ya barabara unayoiona ni moja.

Na hata huko kwenye viwanda kuna saa 72. Gari lolote, dogo kwa kubwa, halitakiwi kukaa barabarani mahali pamoja zaidi ya siku tatu. Wakati wa korona jiji lilisimamisha utekelezaji wa sheria hiyo, likaurejesha Oktoba 2021. Mimi sikucheza na kusogea mita mbili tatu mbele. Nilihamia mtaa mwingine kabisa, na kila nikifika napiga picha ya tairi, kibao cha mtaa na namba ya maili kwenye dashibodi. Siku mkaguzi wa maegesho aliponibandikia stika ya onyo la kuhamisha gari, picha hizo ndizo zilizonisemea. Alizitazama kwa utulivu, akaangalia tarehe, akaibandua stika mwenyewe.

Lakini kuhama kunataka gari linalowaka, na hapa ndipo wengi wanapokwama. RV nyingi za bei rahisi ni za zamani, na mtu akishanunua anakimbilia godoro na pazia. Fundi mmoja mzee, mtu wa Tanga, aliniambia, "Mdogo wangu, huku gari likigoma kuwaka si gari tena, ni kesi." Nilimsikiliza. Pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye betri, ya pili kwenye tairi, na tangi sikuliacha lishuke chini ya robo. Majirani wengi walioondokewa na RV zao hawakuwa wakaidi. Stika ilibandikwa, betri imekufa, siku tatu zikaisha, gari la kuvuta likaja. Tuliokuwa na nyaya za kuamshia betri tulikuwa tunagonga milango ya wenzetu mapema, kabla siku hazijaisha.

Kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Kwenye mitaa hiyo hiyo ya viwanda, baadhi ya wenye biashara wamepanga vitalu vizito vya zege kando ya barabara ili RV zisipate pa kusimama. Kuviweka kwenye barabara ya umma bila kibali ni kinyume cha sheria, na jiji limesema hivyo waziwazi, lakini unaamka unakuta nafasi uliyoitegemea imezibwa. Sheria imekufungia mitaa mingi, halafu ile michache iliyobaki inazibwa na mtu asiye na mamlaka nayo. Naelewa hasira ya mwenye duka anayekuta uchafu mlangoni. Ndiyo maana nilifagia nilipoegesha, na maji taka nikayapeleka kwenye huduma halali. Jiji pia lina mpango wa kuja kuyanyonya pale RV ilipo. Hata hivyo zege halimpi mtu pa kulala.

Ukivutwa, usikae ukilia. Una siku 10 za kuomba kusikilizwa mahakamani kuhusu uhalali wa kuvutwa na gharama zake. Na ujue kesi ya Steven Long. Alikuwa akiishi ndani ya pikapu yake hapa Seattle, ikavutwa mwaka 2016 kwa sheria hiyo ya saa 72, akadaiwa zaidi ya dola 900. Hakimu alilipunguza deni hadi dola 547, alipe 50 kila mwezi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington ikaamua kwamba gari analoishi mtu linahesabika kuwa makazi yake mbele ya sheria, na kwamba deni lile kwa mtu wa kipato chake lilipita kiasi. Uamuzi huo haukulizuia jiji kuvuta magari, msije mkadanganyana. Ila unakupa neno la kusema mbele ya hakimu: hapa ndipo ninapoishi, na kipato changu ni hiki. Beba hati za malipo ya mshahara.

Pasipoti, karatasi za uhamiaji, dawa na kadi ya gari nilikuwa navitia kwenye begi moja la mgongoni, naenda nalo kazini kila usiku. RV ikivutwa, vilivyomo ndani vinakwenda nayo hadi yadi, na bila kitambulisho kuvitoa ni shida nyingine.