Shela, Reli na Kusi: Siku Yangu ya Kuvuka kwenda Unguja

Saa 10 alfajiri

Mimi ni fundi cherehani, ninaishi na kushonea Gongo la Mboto. Leo napeleka shela la bi harusi Jang'ombe, Unguja. Mwezi uliopita alikuja Dar, tukachagua satini na lesi wote wawili Kariakoo, nikampima. Sasa ameshawekwa ndani, anasingwa kila siku na hatoki mpaka harusi. Kwa hiyo fundi ndiye wa kuvuka bahari.

Jioni anachorwa hina. Hina ikishapita mikononi na miguuni, hagusi kitu mpaka ikauke, seuze kuvaa gauni la kubana. Lazima nimfikie kabla ya mchoraji. Nimepiga pasi mara ya mwisho, nimelivisha shela mfuko wake, na kwenye kimkoba nimetia sindano, uzi, mkasi na kopo la lulu. Mkono wa kushoto haujamalizika, zimebaki lulu arobaini hivi.

Saa 12 asubuhi

Stesheni ya Gongo la Mboto. Nimechagua treni kwa sababu ya shela. Kwenye daladala asubuhi ile watu wanasimama mpaka mlangoni, na Barabara ya Nyerere kwa foleni naijua. Kwenye behewa naweza kusimama pembeni, nikalining'iniza dirishani.

Saa kumi na mbili na nusu, hamna treni. Saa moja, hamna. Imekuja saa moja na nusu, imejaa, tukapanda hivyo hivyo.

Saa 2 asubuhi

Tumesimama kabla ya Buguruni. Injini imezimwa, feni zimezimwa, jua linaingia. Njia hii ni kongwe. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, na 1907 ilikuwa imefika Morogoro. Upande wa pili treni ya umeme imetupita kama upepo, watoto wakaipungia.

Tumekaa hapo zaidi ya saa nzima, na hakuna aliyepita kutuambia neno. Mbele yangu alikuwapo mama aliyekuwa anawahi kliniki na mtoto mgongoni. Alikuwa akiuliza kila mtu, "Jamani, nishuke au nisubiri?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kuchelewa kwenyewe. Angeambiwa ni saa nzima, angeshuka akapanda bodaboda. Alishuka mwishowe, akatembea juu ya kokoto za reli na mtoto wake, na dakika tano baadaye treni ikaondoka.

Saa 3:40 asubuhi

Kutoka Stesheni ya mjini mpaka bandarini nimekwenda kwa mguu, nusu nakimbia, Barabara ya Sokoine, mfuko wa shela nimeunyanyua juu kama bendera. Nimefika mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu jasho linanitiririka. Boti yangu ilikuwa ya saa tatu na nusu. Imeshatoka.

Kijana wa dirishani alikuwa na utu. "Pole dada, nakuhamishia ya saa sita na nusu."

Kwenye ukaguzi askari akauona mkasi. "Dada, huu wa nini?"

"Mimi fundi, baba. Nakwenda kumaliza nguo ya harusi."

Akaufunga kwa gazeti, akamkabidhi baharia, akanielekeza nitakapouchukua nikishuka. Nimemshukuru kwa moyo wote, maana ule ni mkasi wa mama yangu.

Saa 5 asubuhi

Nimetandika kanga safi kwenye viti viwili nikaanza kutia lulu. Lulu moja, mishono miwili, fundo dogo kwa ndani, halafu nyingine. Kwa mkono kazi hii haina haraka.

Pembeni yangu alikuwepo bibi wa Kipemba aliyetoka kutibiwa macho, jicho moja limefunikwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Washona?"

"Nashona, bibi. Shela la harusi."

"Lete upande huo nikushikie, usije ukaburura chini."

Akalaza pindo lote mapajani, akawa analipitisha vidoleni taratibu, inchi kwa inchi, kama anayesoma. Kidole chake kikasimama. "Hapa pamelegea." Nikatazama, sikuona kitu. Nikavuta kitambaa kidogo, uzi ukaachia! Mishono mitatu ilikuwa imekatika, pengine kwenye msukumano wa behewani. Mimi mwenye macho mawili nisingepaona mpaka bi harusi akanyage pindo ukumbini.

Saa 8 mchana

Boti ya saa sita na nusu haijaondoka. Tulikuwa tumepanga mstari, tukarudi kukaa, tukapanga tena. Hatimaye mtu mmoja akatoka akasema bahari ni chafu, tunasubiri upepo upungue.

Ni Julai, ni kusi, ule upepo wa kutoka kusini, na kusi likishika halina mjadala. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ilitoka bandari hii hii kwenda Unguja, ikazama karibu na Chumbe siku ya upepo mkali, na watu wengi wakafa. Mwaka uliotangulia, Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba. Yule bibi alipiga kimya, kisha akasema, "Wacha tungoje, mwanangu." Pemba nani hakuzika?

Nahodha anayeheshimu upepo namwombea dua. Ila habari hiyo walikuwa nayo tangu saa sita. Kwa nini tuipate saa nane? Bibi angetafuta pa kulaza mgongo. Mimi ningempigia shangazi wa bi harusi mapema, badala ya kupokea simu yake nikiwa sina jibu.

"Fundi, uko wapi? Mchoraji anakuja saa kumi na moja!"

"Bado bandarini, shangazi. Niombee."

Saa 10 jioni

Tumeondoka. Ndani ya bandari maji ni shwari, pantoni ya Kigamboni inakata mbele yetu. Tulipotoka nje ya mlango wa bandari, boti ikaanza kupanda na kushuka, na mabaharia wakapita na mifuko. Nimelikumbatia shela safari nzima. Bibi alikuwa akisoma dua chini chini, mkono wake juu ya wangu.

Saa 12:20 magharibi

Malindi, bandarini Unguja. Nimechukua mkasi, nimemsindikiza bibi mpaka kwa mjukuu wake, nikapanda bajaji.

Jang'ombe nilipoingia, ukumbi mzima wa wanawake ukapiga vigelegele. Mchoraji alikuwa ameshakoroga hina, amekaa nayo saa nzima. "Nimemwambia siigusi mikono yake mpaka fundi afike," akasema.

Bi harusi akavaa. Kiuno kimelegea, amepungua, kama nilivyohofia. Nikapiga magoti, nikabana pini, nikapunguza vidole viwili kila upande, nikashona kwa mkono huku shangazi ananimulikia kwa simu. Akageuka mara moja mbele ya kioo, akashika lulu za mkono wa kushoto, machozi yakamlenga.

"Usilie, utaloanisha satini," nikamwambia, na mimi yananitoka.

Akavua, akakaa mkekani, akanyoosha mikono miwili kwa mchoraji.