Bei ya Kwanza ni Salamu: Daftari la Mama Kigoma na Ada ya Chuo Marekani

Mwakeye (ndiyo salamu ya kwetu Kigoma), ndugu zangu wa mwisho wa reli, na wengine wote mlio mbali na nyumbani.

Oktoba 2024, chuo ninachosoma hapa Ohio kiliitisha shindano la video kwa wanafunzi. Video isizidi dakika mbili, na ijibu swali moja: chuo kinakugharimu nini? Wenzangu wengi walianza siku hiyohiyo. Mmoja alijirekodi ndani ya gari analolala siku ambazo zamu zake za kazi zinaisha usiku wa manane. Mwingine alisambaza vitabu vyake sakafuni na kuweka bei juu ya kila kimoja. Mimi nilikaa siku nne sijui nianzie wapi, kwa sababu kila nilipofikiria gharama, picha iliyonijia ni daftari la mama yangu.

Mama ni mfanyabiashara wa dagaa, mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya Kigoma inaposhusha samaki. Ana daftari la jalada gumu la bluu ambalo limevimba kwa unyevu, na humo ameandika kila shilingi iliyonitoa Kigoma na kunileta huku. Sikuwahi kulisoma. Nilijua lipo, kama mtoto anavyojua kwamba wazazi wana mambo yao ya pesa. Basi nikampigia mdogo wangu wa kiume, nikamwomba achukue simu, aende mwaloni asubuhi wakati mama anageuza dagaa, amwombe alisome daftari lile kwa sauti huku anamrekodi.

Kabla sijaeleza alichonitumia, nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 2022 nilipopata nafasi, karatasi ya kwanza tuliyoiona ilisema ada ni dola 31,000 kwa mwaka. Dola moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 2,300. Mdogo wangu alipiga hesabu kwenye simu, akamwonyesha mama: zaidi ya milioni 71. Mama alinyamaza muda mrefu. Wakala aliyetushughulikia kutoka Dar, tuliyemlipa laki nane, alisema tujipange haraka nafasi isipotee. Hakusema neno jingine. Wiki ileile mama akauza kiwanja cha Gungu alichokinunua kwa miaka sita ya dagaa. Mnunuzi aliona tuna haraka, akatoa milioni nne na nusu, na mama akapokea.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya chuo. Kutokana na matokeo yangu ya kidato cha sita wamenipa punguzo la dola 19,000 kila mwaka. Nilichotakiwa kulipa ni 12,000. Mama mdogo wangu aliyeko hapa Ohio na mumewe walikwisha kuahidi nusu, mimi ningefanya kazi ndani ya chuo, na nyumbani wangetafuta dola 1,500 kwa kila semista. Bado ni mzigo mzito kwa muuza dagaa. Lakini ungebebeka kidogo kidogo, na kiwanja kingekuwepo.

Jambo hili limeniuma kwa miaka miwili, na linaniuma zaidi kwa sababu mama yangu ndiye aliyenifundisha soko. Tangu nikiwa darasa la tatu namsikia akisema mwaloni kwamba bei ya kwanza ni salamu, mtu anakusalimia nawe unaitikia, halafu ndipo mnazungumza. Hawezi kununua hata sado moja kwa bei ya kwanza. Ila alipoona karatasi yenye nembo ya chuo cha Marekani, aliamini bei ile imefungwa. Niliamini hivyo pia. Nani angetuambia?

Huku nimejifunza kwamba ada inayotangazwa ni bei ya kwanza kweli. Vyuo binafsi vya Marekani kwa wastani humpunguzia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza zaidi ya nusu ya ada iliyoandikwa. Tatizo hili liliwatesa hata wenyeji, hadi sheria ya mwaka 2008 ikaagiza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu viweke kwenye tovuti zao kikokotoo ambacho mzazi anajaza hali yake ya kipato na kuona makadirio ya kile atakacholipa baada ya misaada. Vikawa lazima kuanzia Oktoba 2011. Wizara ya Elimu ya Marekani nayo iliwahi kuitisha shindano la video za wanafunzi ili vijana wenyewe waelezane kuhusu vikokotoo hivyo. Hawa ni watu waliozaliwa hapa, wanaosoma Kiingereza tangu utotoni, na bado ilibidi wafundishwe kwamba bei ya kwanza siyo bei.

Kwetu wageni kikokotoo hakisaidii sana. Kimetengenezwa kwa ajili ya familia za hapa, kinauliza mambo ya kodi za hapa, na kinahesabu misaada ambayo mwenye viza ya mwanafunzi haigusi. Mwenzangu wa chumba, binti wa kijijini hapahapa Ohio, anapata ruzuku ya serikali kuu, ambayo kiwango chake cha juu mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa dola 7,395, na juu yake ana mkopo wa serikali. Mimi hata fomu ya kuomba misaada hiyo hainihusu. Kazi ninaruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, tena ndani ya chuo. Kwa hiyo mgeni kazi yake ni kukiandikia chuo chenyewe na kuuliza waziwazi: kwa mwanafunzi wa kimataifa mwenye matokeo haya, mna punguzo gani, mwisho wa kuomba ni lini, na barua ya jibu inatoka lini? Maswali hayo matatu kwenye barua pepe moja yangekiokoa kiwanja chetu.

Sasa video.

Mdogo wangu alinitumia vipande saba. Cha kwanza nusu ni kidole chake. Cha tatu ndicho kilichonikalisha chini. Mama amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma yake vichanja vya dagaa vinametameta, ziwa limetulia kabisa. Amefungua daftari magotini. Anasoma kwa sauti ileile anayosomea majina ya wanakikoba:

"Mama mkubwa wa Kasulu, maharage gunia mbili. Baba mdogo, laki tatu. Fundi cherehani, elfu kumi na gauni moja la safari. Kiwanja Gungu, milioni nne na nusu. Viza dola mia moja sitini, ile nyingine dola mia tatu hamsini. Treni Dar kwenda na kurudi, watu wawili. Kikoba, laki sita."

Anageuza kurasa. Miaka inapita. Halafu anasoma, bila kubadilisha sauti: "Mei kumi na tano, ziwa limefungwa."

Waliokuwa Kigoma mwaka 2024 wanajua. Uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, miezi mitatu, samaki wazaliane. Sibishi sababu, maana hata mimi nimeona tangu utotoni jinsi dagaa walivyozidi kupungua. Lakini mwaloni tulizoea kukaa bila mzigo siku za mbalamwezi tu, wiki hivi, kisha taa zinarudi ziwani. Miezi mitatu ni kitu kingine. Na ada ya semista yangu hulipwa Agosti. Na Agosti hiyohiyo dola ilikuwa imekaribia shilingi 2,700. Chuo hakikuongeza hata senti moja juu ya zile 1,500 za nyumbani, ila kwa mama zilikuwa zimeongezeka karibu laki sita kuliko alipoanza, ziwa likiwa limefungwa.

Chini ya mstari ule wa Mei kuna mistari ya mawese aliyokuwa akinunua vijijini na kuyauza Mwanga, palepale mjini Kigoma: elfu nane, elfu tano, siku nyingine hakuna kitu. Kisha mstari mmoja anaousoma haraka. Mdogo wangu, sijui kwa makusudi au mkono ulimteleza, akasogeza kamera karibu nikauona kwa macho yangu: "Mkopo 500,000. Kurudisha 700,000. Siku 60."

Ni ile mikopo tunayoiita kausha damu. Julai yote nilikuwa nampigia kila Jumapili, na kila Jumapili aliniambia mambo ni mazuri, soma mwanangu.

Nilimpigia usiku wa huku, kwao ni asubuhi.

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungeacha masomo uje uvue kwenye ziwa lililofungwa?"

"Ningeongea na chuo nilipe kwa awamu."

Akakaa kimya. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Kumbe wanakubali?"

Wanakubali. Mpango wa malipo ya mwezi kwa mwezi upo, kwa ada ndogo ya kujiandikisha. Nilikuwa naujua tangu mwaka wa kwanza. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu sikutaka ajue kwamba huku kuna siku nashindwa. Naye hakuniambia mkopo, kwa sababu hakutaka nijue kwamba kule kuna siku anashindwa. Laki mbili za riba zimetoka katikati ya ukimya wetu wawili.

Nimelia sana kwa ajili ya hizo laki mbili, kuliko hata kiwanja. Kiwanja tulikipoteza kwa kutojua. Hizi tulizipoteza tukijua, kila mmoja na nusu yake.

Video niliyoipeleka mwishowe ni sauti ya mama tu, kwa Kiswahili, na tafsiri chini. Upande mmoja wa kioo ni mikono yake na daftari, upande wa pili ni mambo yangu: mashine ya kuosha vyombo kwenye jiko la chuo ninapofanya zamu, viatu vya theluji vya mtumba, na risiti ya dola 112 ya msimbo wa kufungulia mazoezi ya takwimu kwenye mtandao. Msimbo ule unatumika na mtu mmoja, mara moja, huwezi kuazima maktaba wala kumrithisha mwenzako kama tulivyorithishana vitabu shuleni. Mama aliposoma neno "treni," nikaweka tiketi yangu ya basi la mji. Sikuongeza muziki.

Kabla sijaituma nilimwomba ruhusa, maana ni siri zake. Mdogo wangu akamsomea tafsiri yote, akirudisha kwa Kiswahili. Alikubali, ila akataka jina la mkopeshaji lisionekane kwenye ukurasa, na akasema gauni la fundi cherehani lilikuwa mawili, tusimpunje mtu.

Mdogo wangu naye alimaliza kidato cha sita mwaka 2024 na aliomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu dirisha lilipofunguliwa. Safari hii tulikaa wote watatu kwenye simu kabla ya kujaza chochote: cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, fomu igongwe muhuri serikali ya mtaa, mdhamini awe nani. Mama aliuliza maswali yote ambayo mwaka 2022 hakuna aliyemjibu. Asilimia ngapi watampa? Ikipungua, chuo kinasubiri? Akiajiriwa watakata kiasi gani? Nikamwambia asilimia 15 ya mshahara, na kwamba ile nyongeza ya asilimia sita kila mwaka iliyokuwa inawalemea watu ilifutwa mwaka 2021. Akasema hiyo iandikwe pia, na nikasikia kalamu.

Video ilishika nafasi ya tatu. Zawadi ni dola 300, ambazo hazipiti mkononi, zimeingizwa moja kwa moja kwenye akaunti yangu ya ada. Nilipomwambia mama, alimtuma mdogo wangu ndani akalete daftari. Aliniuliza jina la chuo linaandikwaje, nikamtajia herufi moja moja, akaliandika kwenye ukurasa wa michango, chini ya baba mdogo.